Antivirasi inanyimwa ruhusa kwenye Ubuntu: je, nifungue faili zote?

Swali:

"Kamwene. Nina steshenari ndogo Kihesa, Iringa. Wateja wangu wengi ni wanachuo, wanakuja na flashi kuprinti kazi zao. Tulichoshwa na virusi vya shotikati, nikahamia Ubuntu 22.04, mfumo wa Linux, kwenye kompyuta zote tatu, nikaweka na antivirasi ya ClamAV ili nisiwarudishie watu flashi chafu. Sasa nikikagua folda ya Wateja kwa clamdscan inaandika 'File path check failure: Permission denied. ERROR', halafu chini inasema 'Infected files: 0'. Kijana mmoja akanishauri niandike sudo chmod -R 777 /home, inayompa kila mtumiaji ruhusa zote. Folda ya Wateja ikakubali, lakini flashi zimeendelea kukataa vilevile. Leo ananiambia nifanye hivyo kwa mfumo mzima, au niiweke clamd, huduma ya ClamAV, iendeshwe na root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote. Naogopa. Nifanye lipi? Na zile kazi nilizokwisha kukagua, zilikuwa salama kweli?"

Jibu:

Kamwene nawe, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuigusa ile amri ya pili. Usiiandike. Uliyokwisha kuiandika inarekebishika, na nitakuonyesha namna, ila ya pili ingekulazimu kusakinisha kompyuta upya.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalowagusa wateja. Zile kazi ulizozikagua kabla ya ile 777, pamoja na za kwenye flashi, hazikukaguliwa. "Infected files: 0" haina maana kwamba folda ni safi. Maana yake ni kwamba katika faili ambazo mkaguzi alifanikiwa kuzisoma, hakukuta kirusi. Kama hakusoma hata moja, bado ataandika sifuri. Rudi kwenye muhtasari ule, utazame mstari unaofuata, unaosema "Total errors: 1". Huo ndio mstari wa kuusoma kwanza, siku zote. Wala usidanganyike na hiyo moja, ukadhani ni faili moja tu iliyorukwa. Mkaguzi akikataliwa mlangoni mwa folda, anahesabu kosa moja, hata kama ndani mna faili mia nane.

Sasa tuone kwa nini alikataliwa. ClamAV imekuletea amri mbili zenye majina yanayokaribiana mno, na watu wengi hupotelea hapo. Ya kwanza ni clamscan. Hiyo hufanya kazi kwa jina la aliyeiita: ukiwa umeingia kama "duka", inaona kila anachokiona duka na inakomea hapo. Ubaya wake ni kwamba kila ukiiita inapakia upya orodha nzima ya alama za virusi kwenye kumbukumbu, mzigo unaopita gigabaiti moja. Kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ndogo unaweza kusubiri hata dakika nzima kabla haijagusa faili ya kwanza.

Ya pili ni clamdscan, yenye ile "d" katikati. Yenyewe haikagui kitu. Kazi yake ni kupeleka ujumbe kwa clamd, huduma iliyokaa macho tangu kompyuta ilipowaka, alama zote zikiwa tayari kichwani. Ndiyo maana ina kasi. Lakini kwenye Ubuntu na Debian, clamd haifanyi kazi kwa jina lako wala kwa jina la root. Ina mtumiaji wake mwenyewe anayeitwa clamav, mtumiaji asiye na mamlaka yoyote ya maana, na amenyimwa mamlaka hayo kwa makusudi.

Chukulia bwana afya amekuja kukagua vibanda vya soko. Wewe una kibanda chako na ufunguo unao mfukoni. Kuandika clamdscan /home/duka/Wateja ni sawa na kumpigia simu bwana afya: "Nenda kakague kibanda changu." Anafika, anakuta kofuli, anaandika kwenye daftari kwamba amenyimwa ruhusa, anaondoka. Kofuli halijaharibika, na bwana afya hakukosea kutovunja mlango. Kilichokosekana ni wewe uliye na ufunguo kufika naye. Chmod 777 ni kung'oa milango ya soko zima ili bwana afya apite, na milango ikishang'olewa hapiti bwana afya peke yake.

Inawezekana ulifuata maelekezo ya zamani, yaliyoandikwa wakati jambo hili halikuwa tatizo. Mpaka Ubuntu 20.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya ilitengenezwa kwa ruhusa 755, yaani mtumiaji yeyote wa kompyuta ile aliweza kuingia na kusoma. Kuanzia 21.04 ikawa 750, mlango umefungwa kwa wasiohusika. Tarakimu hizo si za kukariri tu. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, na 1 kwa faili ni kuiendesha kama programu. Kwa folda, ile 1 ina maana nyingine kabisa, nayo ni kupita. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya watu wengine wote. Katika 750 watu wengine wamepewa sifuri, na clamav ni mmoja wa hao wengine.

Ile ruhusa ya kupita ndiyo inayowasumbua hata mafundi. Ili mtu aifikie faili, lazima aruhusiwe kupita katika kila folda iliyo njiani, toka mzizi wa mfumo mpaka faili yenyewe. Faili inaweza kuwa wazi kabisa, lakini kama folda moja tu katikati imefungwa, haifikiwi. Kuna amri nzuri ya kuonyesha njia nzima mlango kwa mlango, na ningependa uizoee:

namei -l /home/duka/Wateja/barua.pdf

Kwenye kompyuta ambayo haijaguswa na 777, itakuonyesha kitu kama hiki:

drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root home
drwxr-x--- duka duka duka
drwxrwxr-x duka duka Wateja
-rw-rw-r-- duka duka barua.pdf

Tazama mstari wa tatu, vile vistari vitatu vya mwisho kabla ya jina. Clamav amekomea hapo. Folda ya Wateja yenyewe haina tatizo, wala barua haina tatizo. Kilichofungwa ni mlango mmoja, na wewe ulishauriwa ubadilishe ruhusa za maelfu ya faili kwa ajili ya mlango huo mmoja.

Kwa nini basi flashi ziligoma hata baada ya 777? Kuna sababu mbili, na kila moja inatosha peke yake.

Ya kwanza: flashi haiko ndani ya /home. Ukiichomeka, Ubuntu huifungua chini ya /media/duka. Andika ls -ld /media/duka, utaona drwxr-x---+ na mwenyewe ni root. Ile alama ya kujumlisha mwishoni ni ndogo, rahisi kuiruka, lakini inakueleza kwamba kuna ruhusa ya ziada iliyoandikwa pembeni. Ruhusa hiyo anapewa mtu mmoja tu, yule aliyeingia kwenye kompyuta wakati flashi inachomekwa, yaani duka. Clamav hayumo. Tena flashi nyingi za wateja zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo ya faili haina mahali pa kuhifadhia ruhusa za Linux. Ruhusa unazoziona zimepangwa na mfumo wakati flashi inafunguliwa, kwa hiyo chmod haina cha kubadilisha mle.

Ya pili ni mlinzi ambaye kijana wako hakumtaja. Ubuntu ina AppArmor, inayosimamia programu moja moja na kuiambia ni maeneo gani inaruhusiwa kugusa, hata kama ruhusa za faili ziko wazi. Sheria za clamd ziko kwenye /etc/apparmor.d/usr.sbin.clamd. Zinairuhusu kusoma folda za nyumbani. Hazikutaja /media, hazikutaja /srv. Kwa hiyo hata ungeiweka clamd iendeshwe na root kama ulivyoshauriwa, flashi zingeendelea kugoma. Ungekuwa umeongeza hatari bila kupata ulichokitaka.

Ukitaka kujua ni mlinzi yupi anayekuzuia, andika:

sudo journalctl -k | grep DENIED

Ukiona mstari wenye apparmor="DENIED" na jina la clamd, basi ni huyu wa pili. Usipoona kitu usiseme hayupo. Ruhusa za kawaida hukaguliwa kwanza, na zikishakataa, AppArmor haiulizwi wala haiandiki. Ndiyo maana mtu hurekebisha ruhusa, akajiona amemaliza, kisha akakutana na kikwazo kipya asichokijua.

Dawa yenyewe ni rahisi kuliko sumu uliyopewa. Badala ya kumpa clamav ruhusa ya kuingia kila mahali, wewe mwenye ufunguo mpelekee faili. Kwa folda zilizo nyumbani:

clamdscan --fdpass --multiscan /home/duka/Wateja

Neno --fdpass linabadilisha kila kitu. Sasa clamdscan, inayofanya kazi kwa jina lako, ndiyo inayofungua faili, kisha inamkabidhi clamd ile faili iliyokwisha funguliwa. Ni wewe kufungua kibanda na kumshikia bwana afya mlango. Hahitaji ufunguo wake, na ukimaliza mlango unafungwa kama ulivyokuwa. Hakuna ruhusa hata moja iliyobadilika kwenye diski.

Kwa flashi, --fdpass peke yake haitoshi, kwa sababu AppArmor huuliza hata faili iliyokabidhiwa mkononi imetoka wapi. Hapo tumia:

clamdscan --stream /media/duka/JINA_LA_FLASHI

Hapa clamdscan inaisoma faili yenyewe na kupeleka yaliyomo kwa clamd kama maji kwenye bomba. Clamd haigusi flashi kabisa, inapokea tu kinachomiminwa. Hasara yake ni kasi kidogo, na kuna kikomo cha ukubwa: faili ikizidi StreamMaxLength iliyoandikwa kwenye /etc/clamav/clamd.conf, utapata kosa la "size limit exceeded". Kwa kazi za wanachuo, ripoti na barua za maombi, hutafika huko mara nyingi. Ukifika, ongeza namba hiyo kisha uwashe upya huduma kwa sudo systemctl restart clamav-daemon.

Na ile clamscan ya kwanza, isiyo na "d"? Inafaa pia. Ukiandika clamscan -r -i /media/duka/JINA_LA_FLASHI itasoma flashi bila shida, kwa kuwa wewe unaruhusiwa na AppArmor haikuifunga programu hiyo. Kama unapokea flashi tatu kwa siku, huna haja ya kujisumbua zaidi. Lakini kwa duka la karibu na vyuo, wiki ya kukabidhi kazi, foleni ikiwa imefika barabarani, kusubiri alama zipakiwe upya kwa kila mteja kutakuudhi mpaka uache kukagua. Hilo la kuacha ndilo ninalolihofia zaidi.

Kuna sababu nyingine ya mimi kupendelea --stream kwa flashi za watu, na hii naomba uisome polepole. Antivirasi kazi yake ni kufungua faili ambazo huenda zimetengenezwa na mtu mwovu. Inafungua zipu, inafungua PDF, inafungua picha za diski, aina nyingi mno. Kila msomaji wa aina hizo ni programu, na programu huwa na kasoro. Februari 2023 Cisco, wanaoitunza ClamAV, walitangaza kasoro iliyopewa namba CVE-2023-20032 kwenye sehemu inayosoma picha za diski za HFS+. Faili iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumfanya mkaguzi mwenyewe aendeshe maagizo ya mshambuliaji. Ilipewa uzito wa 9.8 kati ya 10, na ikarekebishwa kwenye matoleo 0.103.8, 0.105.2 na 1.0.1. Jiulize: siku kama ile, ungependa mkaguzi wako awe nani? Kama ni root, mshambuliaji kaipata kompyuta yote. Kama ni duka, kazipata nyaraka zako. Kama ni clamav aliyefungiwa ndani ya AppArmor, kapata chumba kitupu. Udhaifu wa clamav ni kinga uliyopewa bure, na ushauri wa kuiendesha clamd kama root ni ushauri wa kuitupa kinga hiyo. Sijawahi kukutana na steshenari yenye sababu ya kufanya hivyo.

Sisemi root asitumike kabisa. Mara moja moja, kwa mfano duka likiwa limefungwa, unaweza kukagua diski nzima ya kompyuta yako:

sudo clamscan -r -i --exclude-dir="^/sys" --exclude-dir="^/proc" --exclude-dir="^/dev" /

Zile folda tatu zimeachwa kwa sababu si faili za diski. Ni madirisha ya kuchungulia kiini cha mfumo, na hata root hukataliwa baadhi yake. Makosa ya ruhusa yanayotoka humo hayana maana yoyote ya kiusalama, ila huwatia watu hofu ya bure. Kabla ya kuanza, chomoa flashi zote za wateja.

Njia nyingine ni ACL, ile ruhusa ya pembeni inayoonekana kwa alama ya kujumlisha. Unaweza kumpa clamav peke yake haki ya kupita nyumbani kwako na kusoma folda moja:

sudo setfacl -m u:clamav:x /home/duka
sudo setfacl -R -m u:clamav:rX /home/duka/Wateja
sudo setfacl -R -d -m u:clamav:rX /home/duka/Wateja

Mstari wa tatu ni kwa ajili ya faili zitakazoingia kesho. Amri hizi zinafaa pale ambapo programu nyingine ndiyo inayomwagiza clamd, si wewe mwenyewe. Kwa kazi yako ya sasa huzihitaji. Nimezitaja ili ujue kwamba hata ikilazimu kumpa mtu ruhusa, anapewa yeye peke yake, sehemu ile tu, na ni ya kusoma bila kuandika. Wenye Fedora na jamaa zake wana SELinux badala ya AppArmor, nao huruhusu kwa sudo setsebool -P antivirus_can_scan_system 1.

Turudi kwenye madhara ya ile 777. Huenda ukaambiwa kwamba haina neno kwa kuwa kompyuta unaitumia peke yako. Huitumii peke yako. Mle ndani kuna makumi ya watumiaji wasio binadamu: wa huduma ya kuprinti, wa mtandao, clamav mwenyewe. Kila mmoja sasa anaweza kusoma, kubadilisha na kufuta nyaraka zilizomo /home. Na wewe si mtu wa barua tupu. Kwenye folda ya Wateja ya steshenari yoyote utakuta vyeti vya kidato cha nne, nakala za vitambulisho vya NIDA, fomu za mikopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Nakuomba uwe na desturi ya kufuta kazi ya mteja akishalipa na kuondoka. Faili ambayo haipo haina haja ya ruhusa.

Kurekebisha, fanya hivi kwenye kila kompyuta uliyoiandikia amri ile. Kwanza nakili nyaraka muhimu kwenye diski ya nje. Kisha:

sudo chmod 755 /home
sudo find /home/duka -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find /home/duka -type f -exec chmod 644 {} +
sudo chmod 750 /home/duka

Kama una folda ya .ssh, ipe 700 na faili zake 600, vinginevyo ssh itaukataa ufunguo wako ikisema uko wazi mno. Kama una programu au skripti ulizoziweka mwenyewe nyumbani, zirudishie ruhusa ya kuendeshwa moja moja kwa chmod u+x. Utawakuta watu wanaopendekeza njia fupi ya chmod -R u=rwX. Hiyo X kubwa kwa hali yako haisaidii, kwa sababu 777 ilikwisha kuigeuza kila faili kuwa kama programu, na X kubwa huiacha hivyo hivyo.

Ungeiandika kwa mfumo mzima, hali ingekuwa nyingine. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa Mbeya baada ya mtu kuandika chmod -R 777 /. Nilipofika, sudo ilikuwa imekufa, kwa sababu amri ile huifuta alama maalumu inayoiwezesha sudo kupata mamlaka ya root, na hata ingekuwa hai ingegoma kwa kuona faili yake ya sheria inaandikwa na kila mtu. Hakuna kumbukumbu inayosema kila faili ya mfumo ilikuwa na ruhusa gani hapo mwanzo. Tulinakili data kwa kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi ya Ubuntu, tukasakinisha upya, na kazi ya siku mbili ikapotea mle. Mhasibu wao alikaa pale akitutazama muda wote, na mishahara ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo.

Mambo machache yanayofanana na ruhusa lakini si ruhusa. Ukiandika sudo freshclam ukapata "Failed to lock the log file", hujanyimwa kitu. Huduma ya clamav-freshclam tayari inaendelea kusasisha alama kwa nyuma na imeshika faili ile. Iache ifanye kazi. Flashi au diski ya NTFS ikikubali kusomwa lakini ikakataa kuandikwa, mara nyingi ni kwa sababu ilichomolewa kwenye Windows bila kufungwa vizuri, na dawa ni kuirudisha kwenye Windows ikafungwe. Na ukiona skripti yoyote ya ukaguzi inayoishia na 2>/dev/null, iondoe sehemu hiyo. Inazitupa taarifa za makosa, zile zile ulizoziona ukaja kuuliza. Bila hizo ungebaki na "Infected files: 0" kwa miaka.

Kuhusu faili kubwa, ClamAV huziruka zile zinazozidi kikomo chake na kuziandika OK. Kwa clamscan ongeza --alert-exceeds-max=yes, na kwa clamd weka AlertExceedsMax yes kwenye clamd.conf, ili ikuambie imeruka.

Na tafadhali usitumie --remove kwenye flashi ya mteja. Antivirasi hukosea, hasa kwenye faili za Word na Excel zenye makro. Kumfutia mtu tasnifu yake asubuhi ya kukabidhi ni jambo usiloweza kumlipa. Mwonyeshe jina la faili kwenye skrini, aamue mwenyewe. Vile virusi vya shotikati havitaamka ndani ya Ubuntu, na faili vilizozificha utaziona kama kawaida, ila usizichukulie kuwa mchezo: mwanachuo akitoka kwako anakwenda kuchomeka kwenye Windows. Ndiyo maana ukaguzi wako una thamani hata kama Linux yako haiumwi.

Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana kama umekwisha kuandika 777 kwa mfumo mzima kwenye kompyuta yoyote kati ya tatu, hata kama bado inawaka. Vilevile kama baada ya marekebisho haya huwezi kuingia kwenye akaunti yako, au ukiona faili zinabadilika majina na hakuna aliyezigusa. Iringa ina vyuo vyenye walimu wa TEHAMA, na wengi wao ni wateja wako. Anza na mmoja wao. Keti pembeni yake anapofanya kazi, na usiache kompyuta yenye vitambulisho vya watu kwa fundi usiku kucha. Kabla hajaanza, mwombe akueleze kila amri atakayoiandika. Fundi mzuri hachukizwi na hilo.

Ukimaliza yote, jaribu kama mkaguzi anaona kweli. Shirika la EICAR limetengeneza faili ndogo ya majaribio yenye herufi 68, isiyo na madhara, ambayo kila antivirasi imekubali kuitambua kana kwamba ni kirusi. Ipakue kutoka kwenye tovuti yao, nakala moja iweke ndani ya Wateja, nyingine kwenye flashi yako mwenyewe. Kagua Wateja kwa --fdpass na flashi kwa --stream. Kila sehemu lazima utoke mstari wenye neno FOUND. Baada ya kila ukaguzi andika echo $? uone namba: 1 ni kirusi kimepatikana, 0 ni kila kilichosomwa ni safi, 2 ni kuna makosa, kwa hiyo usimwambie mteja chochote bado. Kabla ya ile 777, kwa ile folda ya Wateja, namba yako ilikuwa 2.

Halafu ifute ile faili ya EICAR kwenye flashi kabla hujaichomoa, maana ukisahau, kompyuta ya kwanza ya Windows utakayoichomekea italia, na mwenye kompyuta ataamini kwamba flashi chafu imetoka kwako.